Gitaa Lililofika Bila Mwenzake

Gitaa la umeme ni nusu ya chombo. Jambo hili husahaulika upesi, kwa sababu nusu yenye shingo, nyuzi na rangi inayong'aa ndiyo inayovaliwa begani na kupigwa picha, ilhali nusu ya pili, yaani amplifaya na spika yake, hukaa nyuma ya mpigaji na kuonekana kama mzigo tu. Waliolibuni hawakulifikiria hivyo. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walipoanza kuliuza gitaa lao la umeme huko Los Angeles mwaka 1932, waliliuza pamoja na amplifaya, maana bila hiyo lilikuwa kipande cha chuma kisichosikika hata chumba cha pili. Leo Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa mengi duniani, alikuwa fundi redio. Alifungua karakana ya redio Fullerton, California, mwaka 1938, akatengeneza amplifaya kabla ya gitaa lililomletea sifa, na hakuwahi kujua kupiga gitaa. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, na katika sehemu kubwa ya Tanzania ya vijijini, nusu hizo mbili zilifika kwa njia tofauti, kwa miaka tofauti, na kwa ajili ya kazi tofauti. Gitaa lilikuja likifuata muziki wa dansi na kwaya. Vyombo vya kukuza sauti vilikuja vikifuata mahubiri na mikutano ya hadhara. Sauti hafifu ambayo mafundi wa Katesh, Dongobesh au Haydom huombwa waitibu kwa kulifungua gitaa inatokana na utengano huo zaidi kuliko na kutu, uzee au ubovu wa gitaa lenyewe.

Ushahidi wa kwanza unatoka mahali ambapo gitaa halikulalamikiwa. Bendi kubwa za dansi baada ya uhuru zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, kulikuwa na bendi za Polisi, JKT na Magereza, na Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kabla ya kuchukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na koo lake na vidole vyake, akaacha gitaa, amplifaya, spika na maikrofoni palepale alipovikuta. Mengi yamesemwa juu ya unyonge uliowapata wanamuziki kwa mpango huo, na yana haki yake. Kwa upande wa sauti, hata hivyo, mpango huohuo uliziweka nusu mbili za gitaa pamoja. Anayezisikiliza leo rekodi zilizofanywa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam enzi hizo husikia solo inayokata, ridhimu inayojitegemea na besi yenye mwili, na vyombo vilivyotoa sauti hizo vilikuwa vimenunuliwa kama seti. Hali ilibadilika polepole baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizozipata wenyewe. Gitaa lilianza kumilikiwa na mtu mmoja, na usharika au parokia ikaweza kununua lake. Lakini gitaa huingia kwenye basi pamoja na mwenyewe. Amplifaya kubwa ya ukumbini, yenye uzito unaokaribia kilo 30, hulipiwa nafasi yake, hugongwa njiani, na bei yake huweza kuzidi ya gitaa. Si ajabu kwamba wengi walinunua nusu moja.

Nyanda za Mbulu na Hanang zilikuwa na sababu zao za ziada za kubaki na nusu hiyo moja. Hadi mwaka 2002, ulipozaliwa Mkoa wa Manyara, wilaya hizi zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, na muziki wa dansi wa mkoa huo ulitazama kaskazini. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz ya Tanga, walipofika Arusha mwaka 1970 na kuunda bendi, hawakupandisha ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mbulu. Mwaka uliofuata walikuwa Kenya, ambako Simba Wanyika ilipata jina. Hesabu yao inaeleweka. Dansi huhitaji mshahara wa mwisho wa mwezi, bia na umeme wa kudumu usiku kucha, na nyanda hizi zilikuwa za wakulima Wairaqw na wafugaji Wadatoga, na watu wengi walikuwa wakikusanyika sokoni, mnadani na kanisani.

Umeme wenyewe ulikuwapo, ila kwa visiwa. Jimbo Katoliki la Mbulu lilianzishwa mwaka 1953, na Walutheri wa Norway wakafungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Misheni za namna hiyo zilikuja na jenereta zao, na jenereta ya hospitali huwashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, yakaenea mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kwenye uwanda wa Basotu kwa msaada wa Kanada, yakiwa na matrekta na karakana zake. Mashamba hayo yaliwanyang'anya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, malisho yao bora na kuzaa kesi zilizofika Mahakama ya Rufani, na hayo ni makuu kuliko magitaa; hapa inatosha kusema kwamba vilikuwa visiwa vingine vya dizeli na chuma katikati ya nchi isiyo na waya. Nje ya visiwa hivyo nguvu ya umeme ilikuwa ile inayobebeka: betri kavu, kama zile za National zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, na betri ya gari ya volti 12. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na wakala wake, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Gitaa lilikuwa limeshatangulia kwa miongo miwili na zaidi.

Basi gitaa lilipofika, ni chombo gani cha kukuza sauti kilikuwa kinalisubiri? Kilikuwa kile kilichofaa kwa betri ya gari na uwanja wa wazi: amplifaya ya hotuba na spika ya honi. Wanaoicheka honi leo hawajaifanyia hesabu. Amplifaya rahisi inayotumia volti 12, isiyo na ujanja wa ndani wa kuzidisha volti hizo, haiwezi kutoa zaidi ya wati nne na nusu hivi kwenye spika ya omu 4, na kwenye honi ya omu 16 hutoa wati moja tu. Spika ya kawaida ya karatasi ikipewa wati moja hunong'ona uwanjani. Honi ikipewa wati hiyohiyo, kwa jinsi inavyoikusanya hewa na kuielekeza upande mmoja, hutoa sauti ambayo spika ya karatasi ingehitaji wati 30 kuifikia. Mhubiri aliyesimama mnadani, au kiongozi wa TANU na baadaye CCM aliyekuja kuzungumza na wananchi, hakuwa na chaguo bora zaidi. Chombo kilichaguliwa kwa akili na kwa mahitaji ya maneno. Makanisa yalikirithi hivyo, na gitaa likachomekwa kwenye tundu lililokuwa tupu, nalo kwa kawaida lilikuwa la maikrofoni.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia, na inafaa kulitazama kwa tarakimu, kwa kuwa maneno kama "haliendani" hayamsaidii fundi. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu: sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele. Waya huo ukipimwa kwa mita ya fundi huonyesha ukinzani wa omu 6,000 hadi 9,000 hivi. Lakini mita husoma umeme uliotulia, na muziki hautulii. Kadiri mtetemo unavyokwenda kasi ndivyo koili hiyo ya waya inavyouzuia zaidi, na kwa pikapu ya kawaida, kwenye mitetemo 3,000 kwa sekunde, eneo ambalo ukali na utamkaji wa gitaa hukaa, kizuizi hicho hukaribia omu 56,000. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa huwa na ukinzani wa kuingilia wa omu milioni moja, hivyo karibu umeme wote wa pikapu huifikia. Tundu la maikrofoni la amplifaya ya hotuba mara nyingi lina omu elfu chache. Tuseme ni 5,000. Sauti nzito za gitaa zitabakiwa na takribani asilimia 40 ya nguvu yake, na zile za mitetemo 3,000 zitabakiwa na asilimia 9. Kinachopita ni gitaa lililofunikwa blanketi. Hata tundu la omu 47,000, linaloonekana la kutosha, hupitisha takribani asilimia 60 tu ya sauti hizo za juu.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba gitaa hilo hilo, lililokwisha kunyonywa, bado lina nguvu mno kwa tundu lilimochomekwa. Maikrofoni hutoa milivolti chache. Gitaa likipigwa kawaida hutoa mia moja au mia mbili. Hata asilimia 40 ya hizo huizidi hatua ya kwanza ya amplifaya ya hotuba mara kumi na zaidi, na sauti huanza kukwaruza. Mpigaji au mwangalizi wa vyombo hufanya jambo la busara machoni pake, hupunguza volyumu. Kukwaruza kunapungua, sauti inakuwa ndogo na nzito, na malalamiko yanayopelekwa kwa fundi ni kwamba gitaa halina sauti. Fundi anayeamini maneno ya mteja atalifungua gitaa, ilhali lilikuwa linasukuma kupita kiasi mlangoni na kuzimwa hapohapo. Amplifaya nyingi za hotuba zina tundu jingine nyuma au pembeni, lililowekwa kwa ajili ya redio kaseti au sahani ya santuri, lenye ukinzani mkubwa na lisilohitaji kuogopa milivolti mia moja. Kuhamisha plagi kutoka tundu moja hadi jingine huponya magitaa mengi kuliko risasi ya kulehemu.

Kuna kinaya cha kihistoria katika hili ambacho hakijapewa uzito wake. Redio za valvu za miaka ya 1950, yale makabati ya mbao yaliyokuwa yakipamba sebule za wamisionari na watumishi wa serikali, nyingi zilikuwa na matundu nyuma kwa ajili ya kuunganisha gramafoni, na matundu hayo yalikuwa na ukinzani wa laki kadhaa za omu. Gitaa la umeme likichomekwa humo hukuta karibu hali ileile aliyoikusudia Fender, ambaye hata yeye alianzia humo. Redio ya transista iliyozifuata ilikuwa ukombozi wa kweli kwa nyanda zisizo na umeme: ilikula betri kavu, ilibebwa mkononi, iliwaletea Wairaqw na Wadatoga taarifa ya habari na muziki wa Dar es Salaam malishoni. Lakini mizunguko ya transista za awali ilipendelea ukinzani mdogo, na matundu yake yalifuata. Kadiri vyombo vilivyozidi kuwa vya kisasa na kufaa maisha ya kijijini, ndivyo vilivyozidi kutofaa kwa gitaa. Anayedhani historia ya ufundi ni ngazi inayopanda tu angefanya vyema kulipima jambo hili.

Upande wa pili wa mnyororo, honi ilifanya ukatili wa aina yake. Honi ya kawaida ya hotuba huanza kusikika vizuri kwenye mitetemo 300 hivi kwa sekunde, kwa sababu maneno ya binadamu hueleweka hata yakikatwa chini ya hapo. Gitaa lililotuniwa kama kawaida lina nyuzi sita: uzi mzito zaidi ni mitetemo 82, unaofuata 110, kisha 147, 196, 247, na ule mwembamba kabisa 330. Yaani nyuzi tano kati ya sita, zikipigwa wazi, zina msingi wa sauti ulio chini ya mahali honi inapoanzia. Mtu anaweza kupinga kwamba sikio hujaza pengo, na ni kweli: tukisikia mitetemo ya juu inayofuatana vizuri, ubongo huukisia msingi wake, ndiyo maana tunaitambua sauti ya mwanamume mzito kwenye simu. Lakini tumeshaona kwamba tundu la maikrofoni limeikata mitetemo hiyo ya juu. Ubongo hauna cha kukisia. Honi imechukua chini, tundu limechukua juu, na kilichobaki katikati ni mlio mwembamba usio na mwili wala makali. Gitaa la besi, ambalo nyuzi zake zinaanzia mitetemo 41, halikuwa na nafasi hata kidogo. Mahali penye honi tupu mpigaji wa besi alikuwa akijifanyia mazoezi ya vidole mbele ya waumini.

Wapo watakaosema kwamba maelezo haya yanalipamba gitaa bovu. Magitaa yaliyofika huku, watasema, yalikuwa ya mitumba au ya bei ya chini, yamepita mikononi mwa watu wengi, na vumbi la uwanda wa Basotu haliheshimu kifaa chochote. Pingamizi hili lina sehemu ya ukweli na linastahili kujibiwa kwa kutenganisha magonjwa. Vumbi huingia kwenye kitasa cha volyumu na kuukwaruza utando wake wa kaboni. Plagi inayosukumwa na kuvutwa kila Jumapili hulegeza ulimi wa jeki. Waya huvunjikia ndani, karibu na plagi, pale unapokunjwa. Haya yote ni ya kweli na ya kila siku. Dalili yake, hata hivyo, ni kukatika: sauti inakuja na kwenda, inarudi ukitikisa waya, inalia kwarakwara ukizungusha kitasa. Koili iliyokatika nayo hujitangaza, kwa sauti nyembamba kama ya nzi na mita isiyosogea. Kwamba sumaku za pikapu huchoka kwa miaka ni imani iliyoenea sana na yenye msingi mdogo. Sumaku za mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti hupoteza nguvu kidogo mno kwa miongo, zisipokaribiwa na sumaku kali zaidi. Gitaa ambalo sauti yake ni hafifu wakati wote, kwa kiwango kilekile, bila kukatika, na ambalo likipimwa kwenye ncha ya plagi mita inasoma omu 7,000 au 8,000, karibu kila mara ni gitaa zima. Kipo kisa cha kweli cha udhaifu wa kudumu unaoanzia kwenye gitaa lenyewe, nacho ni cha nyuzi. Pikapu huhisi chuma. Waya wa breki ya baiskeli, ambao umewaokoa wapigaji wengi wa Afrika pale nyuzi zilipokosekana, ni mgumu kwa vidole lakini ni chuma na utasikika. Uzi wa nailoni au wa mshipi wa kuvulia hausikiki kabisa, hata upigwe kwa hasira.

Wengine huulaumu umeme, na lawama hii ni maarufu zaidi kwa kuwa ni rahisi kuikubali. Umeme wa kijijini hupungua jioni, taa zinafifia, basi na gitaa limefifia. Hesabu haiungi mkono. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, amplifaya ya kawaida hupoteza karibu theluthi ya wati zake. Theluthi inaonekana kubwa kwenye karatasi, lakini sikio la binadamu haliipimi nguvu hivyo. Upungufu huo ni wa chini ya desibeli mbili, tofauti ambayo wasikilizaji wengi hawaitambui wasipoambiwa. Umeme ukishuka zaidi ya hapo amplifaya huanza kukoroma au kuzima, haiwi ndogo kwa upole. Kama umeme ungekuwa chanzo, kufika kwa REA vijijini kungelimaliza tatizo, na nguzo zilizopanda milima ya Mbulu zingeacha magitaa yakinguruma nyuma yake. Kilichotokea ni kwamba honi zilezile na matundu yaleyale sasa yanakula umeme wa gridi badala ya betri.

Pingamizi lenye kina zaidi linatoka kwa watu wa muziki wenyewe. Katika nyanda hizi, husema, sauti ya binadamu ndiyo mwenye nyumba. Haydom iko mahali ambapo makundi manne ya lugha za Afrika hukutana, Wairaqw Wakushi, Wadatoga Waniloti, Wanyiramba na Waisanzu Wabantu, na Wahadzabe wa lugha ya mibofyo, hata kituo cha utamaduni kikajengwa pale kwa jina la pembe nne hizo. Na kwa wengi wao mzizi wa muziki ni mwimbishaji na waitikiaji. Kwaya iliingia vizuri kwa sababu ilikuta uimbaji umeshakomaa. Kwa hiyo gitaa la chini si kosa, ni adabu. Hoja hii ni nzuri na inafaa iaminiwe nusu. Ni kweli gitaa la kwaya halipaswi kushindana na waimbaji. Lakini kuwa chini na kuwa hafifu ni mambo mawili. Gitaa la chini lenye sauti kamili hubeba ridhimu na kumwonyesha mwimbaji ufunguo wake hata likiwa nyuma kabisa; gitaa lililokatwa juu na chini haliwezi hata hilo, likipandishwa hukera, likishushwa hupotea. Kama adabu ndiyo ingekuwa sababu, wanakwaya wangeridhika nalo. Historia inaonyesha hawakuridhika, kwa maana walilibadilisha.

Walilibadilisha kwa kinanda cha umeme. Kuanzia miaka ya 1990, na zaidi baada ya mwaka 2000, kinanda kilichukua nafasi ya magitaa katika kwaya nyingi za Tanzania, na maelezo ya kawaida ni kwamba kinanda kimoja kina ngoma, besi na vinubi vyote ndani yake, kwa hiyo mtu mmoja hufanya kazi ya watano. Hilo halikanushiki. Lakini lipo jingine ambalo wapiga vinanda wenyewe hawalitambui: kinanda hutoa umeme ulioandaliwa, wenye nguvu na ukinzani mdogo, usiojali sana kama tundu lina omu elfu kumi au laki moja. Kikipunguzwa volyumu kulingana na tundu, hakikupoteza sauti zake za juu. Kilikuwa pia na spika zake ndogo na nafasi ya betri kavu tumboni. Kwa maneno mengine, kilifika kikiwa chombo kizima, ambacho gitaa halikuwahi kuwa nyanda hizi. Ushindani haukuwa wa haki tangu mwanzo, na vijana waliokuwa wakiambiwa kwamba gitaa "halina nguvu" walilinganishiwa chombo kamili na nusu ya chombo.

Mafundi redio hawakuwa wajinga katika haya yote. Mafunzo yao yalikuwa ya redio, na kwenye redio sauti hafifu karibu kila mara hutokana na kitu kilichoharibika: kapasita iliyokauka, transista iliyochoka, spika iliyopasuka. Kazi yao ilikuwa kukirudisha kifaa kilivyokuwa kilipotoka kiwandani. Gitaa lililochomekwa kwenye amplifaya ya hotuba halina kilichoharibika cha kurudisha, na fundi aliyezoea kutafuta ubovu ataupata tu, atabadilisha kitasa ambacho kilikuwa kizima na kuilehemu upya jeki isiyo na hatia, kisha mteja ataondoka na gitaa lilelile. Dawa ambayo ingefaa ni ndogo na ya bei nafuu: transista moja aina ya FET, ambayo hata baadhi ya redio kaseti mbovu zenye FM zinayo ndani, vipinga vitatu, kapasita mbili na betri ya volti 9, vikiwekwa karibu na gitaa kabla ya waya mrefu. Kifaa hicho hulipokea gitaa kwa omu milioni moja na kulikabidhi kwa ukinzani mdogo ambao tundu lolote litaukubali. Kwenye tundu la maikrofoni bado kitahitaji kupunguzwa nguvu kwa vipinga viwili vya ziada. Kila fundi aliyewahi kutengeneza redio anaweza kukiunga mchana mmoja.

Siku hizi makanisa ya Mbulu, Katesh na Haydom yakipata fedha hununua spika za plastiki zenye amplifaya ndani na miksa ndogo iliyotoka ng'ambo. Upande wa spika tatizo limepungua sana: besi inasikika, na nyuzi nzito za gitaa zimepata mahali pa kukaa. Lakini matundu ya miksa hizo, ukiacha machache yenye kitufe maalumu cha gitaa, huwa na ukinzani wa omu elfu kumi au ishirini hivi kwa vyombo na chini ya hapo kwa maikrofoni. Pikapu ya omu 7,000 ikichomekwa kwenye omu 10,000 hubakiwa na chini ya asilimia 20 ya sauti zake za mitetemo 3,000. Ni afadhali kuliko ilivyokuwa enzi za honi, na bado gitaa linapelekwa kwa fundi lifunguliwe.